Zotero kwa anayeandika tasnifu na yeye mwenyewe yumo ndani: maoni yangu toka propozo mpaka vaiva

Wadau habari zenu. Naona kila siku watu wanauliza programu gani nzuri ya kupangia marejeo na wanajibiwa haraka haraka "tumia Zotero ni bure" alafu basi, hamna anayeeleza inakusaidia nini hasa, kwaiyo nimeamua kuandika kwa kirefu maana mimi nimekaa nayo kwenye tasnifu yangu ya umahiri wa Kiswahili toka naandaa propozo mpaka nimetoka kwenye vaiva (ule mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu), na nilichokipata humo si marejeo tu. Kikubwa ilichonisaidia ni hili linalowatesa wengi wetu tunaofanya utafiti wa maelezo, si wa takwimu, yaani unaandikaje kitu ambacho na wewe umo ndani yake bila kugeuza tasnifu kuwa hadithi ya maisha yako, na wakati huohuo bila kujifuta kabisa ukabaki "mtafiti alibaini", "mtafiti alibaini" toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mada yangu ilikuwa nyimbo za bembelezi, zile wanazoimba akina mama kumlaza mtoto. Nimezaliwa Pangani, nyimbo zenyewe nimelala nazo, mama yangu bado anaziimbia wajukuu. Sasa ukienda kwa supavaiza na mada kama hiyo swali la kwanza ni je, wewe utaliona jambo hili kwa jicho gani wakati ni la nyumbani kwenu? Ni swali la haki kabisa na mtu asilichukie. Wenzangu wengi wakiulizwa hivyo wanakimbilia upande mmoja, kuna anayefuta kila kitu kinachomhusu anaandika kana kwamba amedondoka kijijini toka angani, na kuna anayejaza kurasa za "naikumbuka harufu ya nyumba ya bibi yangu" alafu ukitafuta data huioni. Wote wawili vaiva inawabana, huyu ataambiwa hajaonyesha nafasi yake kwenye utafiti, yule ataambiwa hii ni insha.

Kwanza niseme programu yenyewe ni nini kwa wasioijua. Zotero ilianza 2006 Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia, Marekani, wakati huo ilikuwa inakaa ndani ya Firefox tu, saivi ni programu kamili inayokaa kwenye laptopu yako, Windows, Mac au Linux, na kwenye simu ipo ya iPhone na ya Android. Wanaoiendesha si kampuni ya kutafuta faida na programu ni huria. Kazi yake ya msingi, unapokuwa unasoma makala mtandaoni unabofya kitufe kimoja kwenye brauza na makala inaingia na jina la mwandishi, mwaka, jarida, kurasa na PDF yake kama ipo wazi. Ukiwa unaandika kwenye Word au LibreOffice au Google Docs unaiita, inaweka (jina, mwaka) na mwisho inakutengenezea orodha ya marejeo yenyewe. Hilo kila mtu anakwambia. Ninachotaka nikuonyeshe kilikuja na toleo la 6 mwaka 2022, walipoweka kisomeo cha PDF humo humo ndani na sehemu ya kuandikia noti, na toleo la 7 la 2024 likaongeza hata vitabu vya EPUB.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unafungua PDF ndani ya Zotero, unapaka rangi sentensi unayoitaka, na chini ya kila ulichopaka kuna nafasi ya kuandika neno lako. Ukimaliza unaiambia itengeneze noti kutokana na ulivyopaka, basi inakutolea ukurasa mzima ambapo maneno ya mwandishi yako ndani ya alama za mtajo, yanafuatiwa na jina lake, mwaka na ukurasa, na maneno yako wewe yako nje ya alama, peke yake. Inaonekana kitu kidogo, ila kwa mtu anayeandika kuhusu kwao ndo msingi wenyewe wa kazi, maana shida yetu kubwa ni kwamba baada ya miezi kadhaa hujui tena wazo hili ulilisoma kwa mtaalamu, au ulilisikia kwa mtoa taarifa, au umekuwa nalo kichwani toka utotoni. Kwenye daftari la kawaida yote yanalala pamoja, mwandiko ni mmoja. Humu kila sauti ina mahali pake na hakuna ya kudandia nyingine.

Rangi nazo nilizipangia kazi mapema. Njano nilichotaka kunukuu, nyekundu nisichokubaliana nacho, kijani kinachogusa nilichokiishi mwenyewe. Ilipofika kuandika sura ya pili nikachuja kijani peke yake, na nikaona wazi ni wapi wataalamu wanasema kitu ninachokijua kwa kuishi na ni wapi wanasema tofauti na kwetu. Sehemu hizo za tofauti ndo zikanipa pengo la utafiti, na pengo lililopatikana hivyo unaweza kulitetea mbele ya yeyote maana lina ukurasa na lina mwaka, halijatoka hewani.

Kitu cha pili, na hapa ndo nataka msome taratibu, ni shajara. Zotero inakuruhusu kufungua noti inayojitegemea isiyoshikamana na kitabu chochote, na kila noti inabaki na tarehe iliyoingizwa na tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Mimi nikafungua foda nikaiita Shajara. Kabla sijaenda uwandani niliandika noti ya yale ninayoyaamini tayari kuhusu bembelezi, kwamba ni nyimbo za upendo wa mama, kwamba zinamfundisha mtoto lugha, kwamba anayeambiwa ni mtoto. Niliandika wazi kabisa hivi ndivyo ninavyofikiri leo.

Uwandani mambo yakawa mengine. Mama mmoja mtu mzima, kwenye tasnifu ni Mtoa taarifa wa 4, aliniimbia wimbo ambao naujua vizuri, alipomaliza nikamuuliza huu anaambiwa nani, akacheka akasema mwanangu, mtoto wa miezi mitatu anajua nini, huu anaambiwa wifi aliyekaa pale barazani! Wengine nao nilipowauliza bila kuwaambia jibu la mwenzao wakasema kitu kinachokaribiana na hicho, kuna wimbo wa kumsema mume anayechelewa kurudi, kuna wa kumsema mama mkwe, mtoto yupo mapajani ila ujumbe unapita juu ya kichwa chake. Na mimi usiku ule nikaandika noti nyingine kwenye Shajara, nikaiunganisha na ile ya kwanza, na nikaiunganisha na makala mbili zinazozungumzia nyimbo kama njia ya mwanamke kusema asichoweza kukisema kwa mdomo mkavu. Kuna sehemu ya kuhusisha kitu na kitu, unachagua tu na vinabaki vinaonana.

Sasa angalia hiyo ilivyoingia kwenye tasnifu. Angeandika mtu aliyejificha ingekuwa "Mtafiti alibaini kuwa bembelezi zina dhima mbalimbali katika jamii." Sentensi kama hii haina kosa la sarufi ila haina mtu ndani na haina ushahidi, unaweza kuibandika kwenye tasnifu yoyote ya fasihi simulizi na isionekane imehama. Angeandika aliyezama kwenye kumbukumbu ingekuwa "Namkumbuka mama akiniimbia jioni, sauti yake ilijaa mapenzi" na kuendelea, kurasa mbili. Mimi niliandika hivi: "Nililelewa kwa nyimbo hizi, na kabla ya kuingia uwandani niliziona kama nyimbo za upendo kwa mtoto (shajara ya utafiti). Watoa taarifa walitoa maelezo tofauti. Mtoa taarifa wa 4 alieleza kuwa mlengwa wa wimbo ni wifi, na maelezo yanayofanana yalitolewa na wengine waliohojiwa kila mmoja kwa wakati wake." Humo mimi nimo, mama yangu yumo kwa mbali, lakini kila kauli ina mwenyewe na anayetaka kukagua anaweza kuifuata mpaka ilikotoka. Ndivyo ninavyouelewa ukali wa kitaaluma, kwamba moyo wako ruksa kusema ila na wenyewe utoe ushahidi kama shahidi mwingine yeyote, tarehe na mahali.

Na hili si wazo la mtaani. Lincoln na Guba, wataalamu wa mbinu za utafiti, mwaka 1985 walipoweka vigezo vya kupima kama utafiti wa maelezo unaaminika, shajara ya mtafiti ni mojawapo ya mbinu walizopendekeza, pamoja na kuacha nyayo ambazo mtu mwingine anaweza kuzikagua. Kwaiyo ukiulizwa kwenye vaiva kwa nini umejiweka una pa kusimama. Na kuhusu "mtafiti" na "mimi", kama idara yenu inatumia APA (mtindo wa uandishi na marejeo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani) basi mwongozo wenyewe, toleo la saba la 2019, unasema unapoeleza ulichofanya wewe tumia nafsi ya kwanza, usijiite mwandishi au mtafiti. Wengi hawalijui hili na wanakatazwa "nili-" kwa jina la APA hiyohiyo. Ila chuo kikiwa na mwongozo wake unaosema vingine fuata wa chuo, usiingie ugomvi na ofisi ya shahada za juu kwa ajili ya kiambishi, unaweza kuwa muwazi hata ukiandika kwa nafsi ya tatu, mradi sura ya tatu, ile ya mbinu, ina aya inayosema wewe ni nani kwa jamii hiyo na hilo limegusa vipi data.

Jambo la mama yangu lilinipa kazi. Alikuwa mmoja wa watoa taarifa, alisaini ridhaa kama wengine na akapewa namba kama wengine, na nilimweleza kwamba nikisema kwenye tasnifu mmoja wao ni mama yangu basi kwake ile siri ya jina imepungua nguvu, akakubali. Sasa wanaoanza kutumia Zotero wanauliza sana, mahojiano nayaingiza kama rejeo? Kwa APA hapana, maneno ya watu uliowahoji kwenye utafiti wako hayaendi kwenye orodha ya marejeo, unayatambulisha ndani ya maandishi tu kwa namba au jina la bandia. Marejeo ni ya vitu ambavyo msomaji anaweza kuvipata mwenyewe. Kwaiyo mahojiano niliyaacha nje kabisa, humo nikabaki na maandiko na Shajara. Na kwenye Shajara usiandike jina halisi la mtu hata mara moja, andika namba, kwa sababu ukiwasha kusawazisha (sync) noti zote zinapanda kwenye seva za Zotero, na wewe uliahidi kulinda watu. Na kama una foda la pamoja na supavaiza (inaruhusiwa, na ni nzuri sana kwa kubadilishana makala), Shajara isiwe humo, ibaki kwenye maktaba yako binafsi.

Ubovu wake sasa, maana upo.

Kwenye majina ya taasisi inachanganya. Ukiingiza ripoti ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kama unavyoingiza jina la mtu, kwenye marejeo itatoka kitu kama "Teknolojia, W." na nimeiona kwenye tasnifu iliyokwishajalidiwa, iko maktaba! Dawa yake pembeni ya jina la mwandishi kuna sehemu ya kubadili kutoka jina la kwanza na la mwisho kuwa uwanja mmoja, badilisha, andika jina zima, imeisha. Fanya hivyo kwa BAKITA, kwa TATAKI, kwa kila taasisi. Ripoti zilizoskaniwa za zamani nazo haizisomi, inabaki PDF tupu isiyo na taarifa, utajaza kwa mkono. Makala za AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) kwangu nyingi ziliingia vizuri ila majina ya waandishi hakiki moja moja, majina yetu mara nyingi yanageuzwa, la baba linakuwa mbele.

Kinachoniuma zaidi ni Kiswahili. Kwenye orodha ya lugha za marejeo sikukiona, kwaiyo tasnifu yote ni ya Kiswahili alafu katikati inakuja "et al." na alama ya &. Kuna njia. Staili za Zotero ni faili la maandishi tu na linaweza kuhaririwa, ukiongeza humo kipengele cha maneno unaiambia et-al iandikwe "na wenzake" na & iwe "na". Nilisaidiwa na kijana wa kompyuta na ilichukua mchana mmoja, baada ya hapo nikawagawia wenzangu darasani. Lakini mwanafunzi asiyejua mambo ya kuandika programu hatakiwi kuhangaika hivyo kwa lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu wa nchi zote hizi, na kwa kuwa programu ni huria natamani sana vyuo vyetu, vyenye idara za Kiswahili na idara za kompyuta kwenye uwanja mmoja, vikae vilitengeneze hili mara moja kwa wote.

Nafasi ya bure kwa mafaili ni MB 300, ukijaza PDF zilizoskaniwa inaisha haraka. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mimi sikulipa, nilizima kusawazisha mafaili nikaacha taarifa na noti peke yake, hizo hazina kikomo na hazili bando sana, PDF zikabaki kwenye laptopu na nakala kwenye diski ya nje. Angalizo, lile foda la data la Zotero usiliweke ndani ya Google Drive au OneDrive linalojisawazisha, wenyewe wameonya kwamba hifadhidata inaweza kuharibika. Nakili kwa mkono. Na ulichopaka rangi hakikai ndani ya PDF yenyewe, kinakaa kwenye hifadhidata, ukimtumia mwenzako PDF kawaida haoni rangi mpaka uitoe pamoja na alama zake, chaguo la kutoa hivyo lipo.

Haitakuchambulia data. Sauti unaweza kuiambatisha ila haiigeuzi kuwa maandishi wala haipangi dhamira. Kwa hilo nilitumia Taguette, nayo ya bure na huria, unaweka maandishi ya mahojiano unaweka alama za dhamira, rahisi kuliko zile za kulipia na kwa umahiri inatosha. Na haipimi kunakili pia, hiyo kazi ya Turnitin au chochote chuo chenu kinatumia.

Kuhusu hizi programu za akili mnemba siwezi kupita kimya. Kuna wanaoiambia iwaandikie "tafakuri ya mtafiti" na inawaandikia vizuri sana, Kiswahili kimenyooka, hisia zipo, ila hayo si maisha yao na hakuna tarehe nyuma yake, mtahini akiuliza swali la pili tu limekwisha. Na kuna marejeo ya kubuni zinayoyatoa. Hapo Zotero inasaidia, kuna kile kitufe chenye kifimbo, bandika DOI (ile namba ya utambulisho wa makala), kama makala ipo kwa kawaida inakuja yenyewe, isipokuja au ikija makala nyingine kabisa usiitumie mpaka umeiona kwa macho yako.

Wengine wataniuliza Mendeley na EndNote. EndNote ni ya kulipia, kama chuo kinakulipia sawa. Mendeley iko chini ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier toka 2013, nilishaijaribu, inafanya marejeo bila shida, lakini kwa noti za kujitegemea zenye uhusiano kati yake, yaani hiyo Shajara, Zotero kwangu imewazidi wote.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa ajili ya Kiswahili, siku nikikikuta kwenye orodha nairudisha.

Kwa anayeanza leo, iweke kabla hujaandika neno moja la propozo na noti ya kwanza iwe ile ya unachokiamini tayari, maana ukishatoka uwandani huwezi tena kuiandika kwa ukweli. Na akaunti fungua kwa barua pepe yako binafsi, usitumie ya chuo, maana vyuo vingine ukihitimu wanaifunga na wewe bado utataka kutoa makala kwenye hiyo kazi.